Uzi: Pop ya giza yenye sauti zilizosokotwa. Kwa nini inanasa sikio, na namna ya kuirekodi ukiwa Kigoma au Tabora

#1 Reli_ya_Kati (Tabora)

Wakuu, habari za humu.

Nyuzi za singeli na amapiano ni nyingi na zinajitosheleza. Kuna aina moja inapitwa tu: pop ya saikedeliki, yaani ya kuyumbisha akili kama ndoto, ya upande wa giza. Melodi laini ya kubembelezea mtoto, na nyuma yake kitu kinavuma hujui ni nini, gitaa linalia kinyumenyume, sauti ya mwimbaji inayumba kama kaseti iliyosahauliwa juani. Wa kwanza kuisikia atauliza kama spika imeharibika. Wa pili ataomba irudiwe.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tubishane vizuri: giza halisimami bila wimbo mwepesi chini yake. Wengi huanza na efekti. Wanarundika riverbu (mwangwi kama wa ukumbi mkubwa), wanageuza kila kitu nyuma mbele, kinachotoka ni kelele ambazo hata wenyewe hawazirudii. Sikio linataka pa kushika. Nota tano zinazojirudia, ambazo mtu anaweza kuziimba huku anafua, zinatosha. Akishazipata hizo, vingine unaweza kuvivuruga na bado atakufuata.

Ushahidi upo. Aprili 1966, London, Beatles walirekodi wimbo unaofunga albamu ya Revolver. Karibu wimbo mzima umekaa juu ya kodi moja (nota kadhaa zinazopigwa pamoja), C. Ngoma inapiga mkao ule ule mwanzo hadi mwisho. Juu yake wakamimina lupu za tepu (vipande vya tepu vinavyojirudia), na sauti ya John Lennon ikapitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye honi inayozunguka. Vua hayo yote, melodi iliyobaki mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Mwaka 1968 New York walitokea Silver Apples, watu wawili tu: mmoja ngoma, mwingine lundo la osileta, vifaa vya umeme vinavyotoa nota. Nyimbo zao fupi, zinaimbika. Mwaka 2000 Broadcast wa Birmingham walitoa albamu yao ya kwanza, Trish Keenan anaimba kwa utulivu, hapambi nota, hapandishi sauti, huku mashine zinachemka pembeni. Utulivu wake ndio unaotisha.

Na si mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Ukifuata ziwa kutoka Kigoma hadi Mpulungu umeingia nchi ya Zamrock, roki ya Zambia. Miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na bendi kama WITCH, Ngozi Family na Amanaz, gitaa zimejaa fazi (efekti ya mkwaruzo mzito), maneno ya Kiingereza yamechanganywa na lugha za nyumbani. Albamu ya Amanaz ya 1975, Africa, ipo katika miksi mbili, yaani michanganyo miwili ya rekodi ile ile: moja kavu, nyingine imezamishwa kwenye riverbu. Anayetaka kujua riverbu inafanya nini kwenye hisia asikilize hizo mbili mfululizo. Upigaji ni ule ule. Katika ya kwanza uko chumbani na bendi. Katika ya pili wao wako mbali na wewe umeachwa.

Kwa hiyo kanuni ya kazi: wimbo una mapigo, melodi na rangi ya sauti. Kimoja kati ya hivyo vitatu kitulie muda wote. Ukivuruga mapigo, tuliza melodi. Ukivuruga vyote vitatu msikilizaji anazima, na ana haki.

Mifupa ya kuanzia: mapigo 76 hadi 92 kwa dakika, kodi mbili au tatu, dakika tatu zisizidi. Rekodi sauti na gitaa tu kwa simu iliyolala mezani. Kama hapo wimbo umekufa, hakuna plagini (programu ya efekti kwenye kompyuta) ya kuufufua.

Karibuni mmwage ujuzi.

#2 mtoto_wa_Mwanga (Kigoma)

Shikamooni wakubwa. Nimetandika mkeka kabisa. Swali dogo kabla mafundi hawajafika: ni lazima mtu awe amevuta kitu ndiyo aielewe? Maana jina lenyewe lina harufu hiyo.

#3 Reli_ya_Kati

Marahaba mdogo wangu. Hapana. Dawa za kulevya zimo kwenye historia yake, hakuna wa kulificha hilo, lakini kinachosikika ni ufundi wa tepu, waya na subira. Mtu aliyelewa hawezi kupanga dilei (sauti inayojirudia kwa kuchelewa) ya milisekunde 562 ikae kwenye mapigo.

#4 MawimbiUjiji (Kigoma)

Mkuu Reli umefungua vizuri. Mimi niingie kwenye malighafi, kwa sababu hapa ndipo watu wa huku tuna mali na tunapakua sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari) za watu wa Berlin.

Roho ya muziki huu ni mvumo, yaani nota moja ndefu isiyohama wakati kodi zinahama juu yake. Sinthesaiza inatoa mvumo, ndiyo, lakini mvumo wa kitu halisi una vijisauti vinavyotembea ndani yake ambavyo sikio halichoki navyo. Tabora mna nyuki. Nyuki akiruka, mabawa yanavuma karibu Hz (mitikisiko kwa sekunde) 200 hadi 250, katikati kabisa ya sauti ya mwanadamu, ndiyo maana mvumo wake unasumbua. Msije mkaenda na simu mkononi kwenye mzinga saa sita mchana. Nenda na mfugaji mwenye bomba la moshi na mavazi, jioni, na kitu cha kunasa sauti kigandishwe nje ya mzinga kwa nta (fundi mmoja atueleze piezo). Kupitia mbao za mzinga unapata mvumo mzito usio na upepo.

Kigoma tuna maji, injini za boti za dagaa zikitoka Kibirizi jioni, minyororo bandarini. Tatizo la ufukweni ni upepo: kwenye maiki isiyovaa kitu unaingia chini ya Hz 100 na unakula nafasi yote. Vesha maiki sponji, juu yake kitambaa cha manyoya, halafu kata kila kitu chini ya Hz 80. Stesheni nako kuna injini ya dizeli iliyosimama inaunguruma, hiyo ni mvumo tayari, ila omba ruhusa kwa wenyewe kwanza.

Rekodi kwa kHz 48, biti 24, mono (sauti moja isiyogawanywa kushoto na kulia). Dakika moja inakula karibu MB 8.6, kwa hiyo dakika kumi hazijazi simu.

Kisha kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti:

Chagua sekunde 20 zilizotulia, zisizo na mtu anayekohoa. Fungua Plot Spectrum, uone kilele kiko Hz ngapi. Tuseme ni 230 na wimbo wako uko A, yaani 220. Gawa 220 kwa 230 unapata 0.957. Punguza spidi kwa asilimia 4.35, mvumo umekaa kwenye ufunguo. Watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanashangaa kwa nini mwimbaji anaonekana anatoka nje ya nota. Hatoki. Mvumo ndio uko robo tatu ya nusu toni juu yake.

Ukitaka giza zaidi shusha spidi nusu. Unashuka oktava nzima, nyuki wanakuwa mguno wa kiume wa Hz 110. Baada ya hapo Paulstretch, efekti ya kunyoosha sauti: nyoosha mara 8, azimio la muda sekunde 0.25. Ukiweka azimio dogo sana, mfano 0.05, sauti inakatika katika. Ukiweka kubwa kupita kiasi, kila kilichokuwa na uhai kinayeyuka.

Mvumo mmoja, ukizidi miwili. Na chini ya Hz 120 uwe mono.

#5 mtoto_wa_Mwanga

Hii ni dhahabu. Sasa mimi nina simu na laptopu ya RAM GB 4. Hiyo piezo ni nini na naipata wapi?

#6 FundiWaya_Isevya (Tabora)

Nimeitwa, nimekuja.

Piezo ni kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati, kinacholia piipii kwenye saa za mezani, midoli na king'ora cha pikipiki. Kwa fundi redio yeyote kipo kwenye kopo la vyuma chakavu. Tafuta cha kipenyo cha milimita 27. Kinanasa mtikisiko wa kitu, si hewa, ndiyo maana hakisikii upepo wala majirani.

Kuunga: waya wenye ngao, ule wa maiki. Nyuzi ya ndani kwenye duara jeupe, ngao kwenye shaba. Risasi ndogo, chuma kiguse sekunde mbili basi. Ukikandamiza, lile tabaka jeupe linabanduka na kisahani kimekwisha. Paka rangi ya kucha juu ya maungio, ikikauka funga utepe wa umeme. Upande wa pili weka jeki ya milimita 6.35.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu analifanya: anachomeka piezo kwenye tundu la maiki, anapata sauti nyembamba ya bati, analaumu piezo. Hesabu inasema hivi. Kisahani cha milimita 27 kina kapasitansi karibu nanofaradi 20. Kikikutana na ukinzani wa kiloohm 10, vinatengeneza kichujio kinachokata kila kitu chini ya Hz 800. Besi yako yote imebaki mlangoni. Kikikutana na megaohm 1, kikomo kinashuka hadi Hz 8. Kwa hiyo chomeka kwenye tundu la gitaa la sauti-kadi, lile lenye alama ya ala, au pitisha kwanza kwenye pedali ya gitaa au amplifaya ya gitaa. Kwa mwenye simu pekee hali ni mbaya zaidi, tundu la hedseti lina kiloohm chache tu. Jenga kibafa kidogo, saketi ya kupokea piezo bila kuipotezea besi: transista moja ya FET, rezista ya megaohm 1 kwenye geti, betri ya volti 9. Sehemu zote zinaenea kwenye kiberiti.

Ukishakuwa nayo, gandisha kwenye zeze, kwenye bati, kwenye kinu wakati wa kutwanga, kwenye waya wa uzio ulionyooshwa vizuri halafu uuguse kwa kijiti. Waya mrefu unatoa sauti inayoshuka, "pyuuu", hiyo huhitaji efekti.

Na msiogope mchafuko. Konono N°1 wa Kinshasa walitaka likembe (ala za vijiti vya chuma) zisikike barabarani, wakatengeneza maiki kwa sumaku za vipuri vya magari. Zikakoroma. Wakaacha zikorome, na mwaka 2004 albamu ya Congotronics ikazunguka dunia kwa mkoromo ule ule.

Kuhusu RAM GB 4: inatosha. Unaporekodi weka bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaisubiri) sampo 128, bafa yenyewe inachelewesha kama milisekunde 2.7. Unapomiksi panda hadi 1024. Kila traki (sauti moja iliyorekodiwa peke yake) uliyomaliza igeuze kuwa faili la WAV na uzime plagini zake. Riverbu moja ya kutumiwa na traki zote, si riverbu kwa kila traki. Kwa plagini ya bure, Valhalla Supermassive peke yake inakupa miezi ya kazi.

#7 BintiUnyanyembe (Tabora)

Kaka zangu mmeongea waya sana, waimbaji mmewaweka wapi?

Sauti ya mtu ndiyo sehemu msikilizaji anapotafuta usalama, kwa hiyo ndipo pa kumchezea. Imba mara tatu. Ya kwanza ya kawaida, karibu na maiki, sentimita 10 hadi 15, bila nguvu. Ya pili jirudie mwenyewe kadiri unavyoweza. Ya tatu nong'ona maneno yote, usiimbe hata nota moja.

Hiyo ya tatu si mzaha. Hapo ng'ambo ya mpaka, Burundi, kuna inanga (ala ya nyuzi) ya kunong'oneza: mpigaji ananong'ona huku nyuzi zinafuata mwendo wa maneno yake, na sikio linaapa kwamba mnong'ono ndio unaoimba. Mnong'ono hauna nota, ala ndiyo inaukopesha. Fanya hivyo hivyo. Weka mnong'ono desibeli 8 chini ya sauti kuu, kata chini ya Hz 400, na hakikisha ala moja inapiga melodi ile ile wakati huo huo. Bila ala hiyo unabaki na upepo wa mdomo.

Kama huna subira ya kuimba mara mbili, kuna njia ya Ken Townsend, mhandisi wa EMI London, aliyeibuni mwaka 1966 kwa mashine mbili za tepu. Siku hizi: nakili traki ya sauti, ichelewe milisekunde 25 hadi 35, kisha iyumbe juu na chini kwa senti 10 (senti 100 ni nusu toni), mwendo wa Hz 0.5, ishushe desibeli 6. Kuyumba ndiyo siri. Kopi iliyochelewa bila kuyumba inachimba mashimo yasiyohama kwenye masafa na sauti inatoka imezibwa, kana kwamba unaimba ndani ya bomba.

Dilei: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo. Mapigo 80 yanakupa milisekunde 750 kwa pigo. Robo tatu ya pigo ni 562.5, ndiyo inayoyumbisha. Marudio asilimia 30 hadi 40, kila rudio lipoteze sauti za juu. Ila usiiache ikimbie wimbo mzima. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo dilei iliyoachwa wazi inarudia ncha dhaifu za maneno na kila mstari unakuwa "-na, -na, -na". Fungua mlango wa dilei kwenye silabi mbili za mwisho za mstari, ufunge. Maneno yanabaki yanaeleweka, na kinachorudi kina maana.

Riverbu ya sauti: itangulie na ukimya wa milisekunde 60 kabla haijaanza, kata chini ya Hz 600 na juu ya Hz 6,000. Umbali unapatikana na maneno hayazami.

Na ile sauti inayovutwa kutoka mbele, inayotangulia neno lenyewe: geuza traki ya sauti kinyumenyume, weka riverbu ya sekunde 3 au 4 asilimia 100 bila sauti kavu, ihifadhi kama faili jipya, kisha geuza faili hilo tena. Mkia sasa unakuja kabla ya neno. Itumie mara moja au mbili kwa wimbo, mstari wa kwanza wa beti na basi. Ikizidi inakuwa filamu ya mapepo ya bei rahisi.

#8 MzeeKaseti (Tabora)

Vijana mnapenda kompyuta. Deki ya kaseti ya zamani inafanya haya kwa kidole.

Kaseti inatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Lupu ya sekunde 5 ni tepu ya sentimita 23.8. Kata kwa wembe kwa mshazari wa nyuzi 45, unga kwa utepe maalumu wa kuungia tepu. Selotepu ya dukani haifai, gundi yake inatoka pembeni ikipata joto, inaganda kwenye kichwa cha deki, na baada ya mizunguko michache tepu inajizungushia kwenye roli. Kichwa na roli safisha kwa spiriti kila kikao.

Ukitaka sauti iyumbe, pitisha wimbo kwenye kaseti, wakati unaurudisha kwenye kompyuta gusa kidogo tu gurudumu linaloburuta tepu. Kidogo. Plagini inayumba kwa mpangilio, kidole hakina mpangilio.

Jambo jingine. Mnatafuta uzungukaji wa kupumbaza huko New York wakati dansi la hapa hapa Tabora lilikuwa nao. Sikilizeni gitaa la kati kwenye rekodi za Tabora Jazz, Kiko Kids au Nyanyembe Jazz. Kifungu kimoja kifupi kinazunguka, kinazunguka, mwimbaji anaingia na kutoka. Pigeni wenyewe kifungu cha namna hiyo, msiibe rekodi za watu, kisha kishusheni nusu spidi na muweke mvumo chini yake. Giza lote mnalolitaka limo.

#9 BintiUnyanyembe

Shikamoo mzee. Hapo kwenye gitaa la kati umemaliza kila kitu. Gitaa la nusu spidi lipigwe awali oktava ya juu, kapo (kibano cha nyuzi) shingoni, maana likishuka linakuwa tope.

#10 Chumvi_ya_Uvinza (Kigoma)

Wakuu poleni na majukumu. Kwenye hedifoni miksi tamu, sauti imezunguka kichwa kizima. Ikipigwa kwenye sabufa au spika ya bluetooth, mwimbaji hayupo na besi haipo. Shida nini?

#11 FundiWaya_Isevya

Shida mbili tofauti, usizichanganye.

Mwimbaji kupotea ni mono. Spika nyingi za bluetooth na spika za kumbini zinajumlisha kushoto na kulia. Plagini za kutanua stirio nyingi zinafanya kazi kwa kugeuza upande mmoja: kushoto inasukuma, kulia inavuta. Zikijumlishwa, jibu ni sifuri au karibu yake. Weka kitufe cha mono kwenye masta (traki ya mwisho inayobeba wimbo mzima), kibonyeze kila baada ya mabadiliko makubwa. Sauti kuu isipite kwenye kitanuzi kabisa, ikae katikati, kavu kiasi. Upana utoke kwenye vitu viwili vilivyopigwa kweli mara mbili, kimoja kushoto kimoja kulia. Hivyo vikijumlishwa haviuani.

Besi kupotea ni udogo wa spika. Spika ndogo haitoi kitu cha maana chini ya Hz 100, hata uongeze vipi. Ukiongeza Hz 50 unachosha koni tu na kila kitu kinakoroma. Dawa ni kuipitisha besi kwenye kikwaruzo kidogo, kinachozaa masafa ya juu yake. Besi ya Hz 55 ikikwaruzwa inapata 110, 165, 220. Sikio likizisikia hizo linajaza yenyewe ile 55 isiyokuwepo.

Usiibane masta mpaka ilingane na singeli. Lenga LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) −14, kilele kisipite desibeli −1. Muziki huu unaishi kwenye tofauti ya kimya na mlipuko, ukiibana unabaki na ukuta.

#12 Reli_ya_Kati

Nigusie kodi haraka kwa sababu ni fupi. Njia rahisi ya giza ni maina (kodi za huzuni) mbili zilizo mbali: Am kwenda Fm. Nota C imo katika zote mbili, iweke kwa mwimbaji aishikilie wakati kodi zinahama chini yake. Nota haijabadilika, maana yake imebadilika. Nyingine: mvumo wa A ubaki, juu yake piga B♭ meja halafu rudi A maina. Inatosha. Msikilizaji hahitaji kodi saba.

#13 MawimbiUjiji

Riverbu ya bure kwa wasio na plagini: tangi tupu. La chuma au la zege linajibu vizuri. La plastiki linavuma chini na kufa haraka, ni dhaifu. Ingiza spika ndogo upande mmoja ielekee ukutani, maiki upande wa pili, cheza traki ya sauti peke yake, rekodi kinachorudi. Kata chini ya Hz 250, hapo ndipo tangi linaguna nota yake lenyewe na kufunika wimbo. Sogeza traki mpya kwa kulinganisha pigo la kwanza, au iache ichelewe kwa makusudi.

Tahadhari: usiingie mwili mzima kwenye tangi au kisima kilichofungwa muda mrefu. Hewa yake inaweza kuwa haina oksijeni, na huwezi kuinusa. Teremsha vifaa kwa kamba kupitia mdomo.

#14 mtoto_wa_Mwanga

Kwangu kuna mvumo ambao sikuuomba, "mmmm" nyuma ya kila kitu nikichomeka chaja.

#15 FundiWaya_Isevya

Huo ni umeme, Hz 50 na wajukuu zake 100 na 150. Laptopu ikae kwenye betri wakati wa kurekodi, chaja nje. Vifaa vyote viwili vikilazimika kuwa kwenye umeme, vichomeke kwenye ekstensheni moja. Ukibaki, tumia kichujio chembamba kwenye 50, 100 na 150, upana mdogo, la sivyo unang'oa na besi.

Kwa wabishi: G ya chini kabisa ya besi ni Hz 49. Mvumo wa umeme uko senti 35 juu yake. Piga wimbo katika G, ala zote ziongezwe senti 35, na uchafu umekuwa mvumo wa wimbo. Bei yake ni shilingi sifuri.

#16 BintiUnyanyembe

Hahaha, huyu fundi hafai.

Maneno kidogo, yamesahaulika. Usiandike "giza, kifo, damu". Andika vitu vya kawaida kwa mpangilio usio wa kawaida: sufuria, tiketi, shati la jirani. Kukata maandishi vipande na kuvipanga upya ni mbinu ya William Burroughs na Brion Gysin, David Bowie naye aliitumia, lakini sisi tuna mafumbo ya taarabu na vitendawili. Chukua kitendawili, imba kitendawili, jibu usilitoe. Mistari ya silabi 8 inakaa vizuri kwenye mapigo ya polepole, na irabu za mwisho "a" na "o" ndizo zinazobeba riverbu. "I" inachoma.

#17 Chumvi_ya_Uvinza

Mono imekubali, fundi asante. La mwisho: zeze langu nataka lisikike si zeze, lakini lisiharibu ufunguo. Fazi nimejaribu, inakuwa gitaa bovu.

#18 MawimbiUjiji

Tumia ringi modyuleta, MeldaProduction wanayo ya bure. Inachukua nota yako na nota ya mashine, inatoa jumla na tofauti yake. Zeze likipiga A ya 220 na mashine iko 110, unapata 330 na 110, yaani E na A, vyote vimo ndani ya ufunguo, sauti inakuwa ya kengele tu. Mashine ikiwa 117 unapata 337 na 103, hapo ufunguo umevurugika. Kwa hiyo iache 110 kwenye beti. Mapigo 16 kabla ya kiitikio isogeze polepole kutoka 110 hadi 117, na pigo la kwanza la kiitikio uizime kabisa, zeze lirudi kavu. Changanya asilimia 40, si 100. Na kompresa (efekti inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) iwe kabla ya ringi, ikiwa baada yake inainua vijisauti vyote vichafu nota inapokufa.